Gitaa Langu na Mwiko wa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba
Gitaa limekwisha! Karibu. Limebaki kutoboa kichwa, matundu sita ya funguo za kukazia nyuzi, kazi ya mtoto. Jana kanisani niliwatangazia wote: Jumamosi, jemu ya matofaa ikishaiva uani kwa mama mkwe, ngoma itafunguliwa na gitaa la mkono wangu. Kila mwaka huifungua shemeji Garnet, kaka wa mke wangu, fundi gitaa anayejulikana wilaya ya Grayson nzima. Mwaka huu apumzike. Alinipongeza, kisha akanishauri nikatobolee kwake, kwenye keekee yake ya umeme, na nisisahau kukaza kibao kizima chini ya kichwa, la sivyo ubao utameguka upande wa pili. Nikamshukuru. Fundi hatobolei kwa jirani.

Jumanne, 7 Oktoba
Kibao, kibao! Vyangu vyote nimevimaliza kwa majaribio. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Bandani upo mwiko wa mama mkwe wa kukorogea jemu, mpini mrefu kunishinda, alionipa niupake mafuta. Bapa lake pana, mti mgumu. Una matundu yake ya kupitishia jemu. Nikasema heri, keekee ipate pa kupumulia. Nikaukaza kwa jiriwa chini ya gitaa. Tundu la kwanza: safi! La pili: kra! Kibanzi kama ukucha wa dole gumba kikang'oka nyuma. La tatu vilevile. Kumbe hapo nusu ya keekee iliangukia tundu la mwiko, hakuna cha kuushikilia ubao. Nikamaliza yote sita, kila moja likipenya hadi mwikoni. Mwanamume haachi kazi katikati.

Jumatano, 8 Oktoba
Akili ni mali. Nyuma ya kichwa nimebandika bati la kopo la tumbaku. Linameta! Matundu mapya ya mwiko nimeyaziba kwa unga wa mbao na gundi ya kuchemsha ya ngozi na kwato, nikasugua, nikapaka mafuta. Verna, mke wangu, aliuliza mbona mwiko wa mama yake unanuka kwato. Nikamwambia ni mafuta ya bei.

Ijumaa, 10 Oktoba
Funguo zimeingia. Mmoja ulicheza tunduni. Nikauzungushia karatasi ya ratiba ya ibada, ukatulia. Nyuzi za chuma zikapanda, shingo ikanung'unika, ikakubali. Nikapiga. Mungu wangu! Sauti ilijaa banda zima, nikalia peke yangu. Garnet alipita, akaulizia lile bati. Nikamjibu ndio mtindo. Akautazama na mwiko, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumamosi, 11 Oktoba
Moto tangu alfajiri, sufuria la shaba linatokota, ukoo mzima uani. Adhuhuri mama mkwe akaonja, akatafuna, akatoa mdomoni kidonge kigumu. Akauinua mwiko. Gundi imeyeyuka! Matundu sita mapya wazi, matatu matatu, yameelekeana. Garnet akaleta gitaa langu, akakilaza kichwa cha gitaa juu ya mwiko. Tundu kwa ufunguo, ufunguo kwa tundu.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema polepole, "mwiko huu alichongewa bibi yangu siku ya harusi yake. Wewe umeutafutia nyuzi?"

Nikaanza kumweleza habari za kibao.

"Koroga," akasema. "Peke yako. Mpaka iive."

Nilikoroga mpaka mikono ikafa ganzi. Ngoma akaifungua Garnet. Roho iliniuma! Kisha nikasikiliza vizuri. Lilikuwa gitaa langu! La kwake kaliacha garini. Wageni wakauliza nani kalitengeneza, naye akaninyooshea kidole pale moshini.

"Shemeji, umelitoboa kama panya," akasema, "lakini linaimba."

Nikasimama wima, mwiko mkononi, kifua mbele.

Jumapili, 12 Oktoba
Mikono haiinuki, kichwa hakiinami. Kanisani wamenipongeza hadi mchungaji. Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa la mwiko. Kesho naanza mandolini, mdogo wake gitaa, funguo nane. Garnet kaniletea kibao kizuri cha kutobolea juu yake. Nimekikataa kwa heshima. Verna anao ubao wa kukandia unga, urithi wa shangazi yake. Nimeukagua alipokuwa kwenye kwaya. Mpana, mzito, laini. Hauna tundu hata moja.