Tambi za Mchele Zilizonitia Mashakani

Wenzangu, leo mimi Zena nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Kwa maneno tu. Gauni la Idi bado ninalo mwilini, ila lina madoa ya uji.) Nawaandikia barua moja tu. Asha akimaliza ampe Tatu, Tatu ampe Mwanahawa, maana mkono umechoka, na sababu ya kuchoka mtaiona.

Kwanza mumjue mama mkwe wangu, Bi Nyamizi, mama yake Juma. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa hapa Cheyo, Tabora. Bi Nyamizi haogopi nyoka wala mwizi. Anaogopa ngano. Akila nusu chapati tumbo linamvimba, analala siku mbili akiita majina ya marehemu. Daktari alimwambia aache kila kitu chenye ngano. Chapati aliziacha kimya. Mandazi aliyanung'unikia wiki nzima. Tambi zilimtoa machozi.

Ni miaka saba sasa. Kila Idi sahani za tambi zinapita mbele yake, zina hiliki, zina zabibu, na yeye anawekewa wali. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kichwani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, na Bi Nyamizi anasema alichorudi nacho ni shuka moja na hamu ya tambi. "Hamu nimeirithi," husema, "tumbo la kuibebea sikulirithi." Watu wanacheka. Mimi nilikuwa nikimtazama anavyoifuata ile sahani kwa macho, na roho ilikuwa inaniuma kweli.

Basi mwezi uliopita, pale bombani, mdomo wangu ukanitangulia.

"Idi hii mama atakula tambi zisizo na ngano," nikasema, "na hatajua tofauti!"

Mama Hadija, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, alicheka mpaka ndoo yake ikafurika. "Tambi bila ngano? Labda uzisuke kwa ukindu!"

(Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaongeza kwamba nitapeleka sahani kwa nyumba zote kumi.)

Nikaanza. Unga wa mchele na maji baridi: zikakatika kama chaki. Unga wa muhogo: zikawa gundi. Si mzaha, Juma alifungia nazo bahasha mbili na zikafika Kigoma salama. Nilikuwa karibu kukata tamaa ndipo nikaenda kwa Mama Pushpa, yule ambaye mumewe anauza vitambaa. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Zena, mchele hauna cha kuushikanisha. Unga uupike kwanza. Uukande ukiwa wa moto, uukamue, halafu uzipe mvuke. Ndipo uanike."

"Wa moto kiasi gani?"

"Mpaka ulie. Ukilia, ndiyo kiasi chake."

Akaniazima mashine yake ndogo ya shaba ya kukamulia. Nikachanganya mchele na muhogo kidogo, nikakanda, nikalia, nikakamua. Jamani! Zilitoka nyembamba, ndefu, nyeupe zenye kuelekea njano. Zilipokauka nikazikaanga kwa samli, nikaziweka kwenye futari. Juma akatafuna, akaacha kutafuna, akaangalia mlangoni. "Umezipata wapi?" akaninong'oneza. Nilitamani kuruka dari.

Sasa sikieni ujinga wangu. Mnajua hali ilivyo. Duka la ushirika leo lina sabuni, kesho lina viberiti, na tambi hazijaonekana humo tangu sijui lini. Mtu akionekana na kitu ambacho hakimo dukani, anaulizwa amekipata wapi. Akikosa jibu, huyo ni mlanguzi, na mlanguzi haulizwi mara mbili. Mimi hilo nalijua vizuri. Na bado nilikuwa na paketi tupu ya tambi za zamani, ile yenye picha ya mwanamke anayecheka na bakuli. Nani kati yetu hana paketi tupu aliyoihifadhi? Nikaijaza tambi zangu, nikaikunja juu vizuri. Nilitaka mama mkwe aone paketi kwanza, moyo wake ufurahi kabla ya ulimi.

Jana mashine ikarudi kwa Mama Pushpa, na Mama Pushpa akaondoka nayo kwenda Nzega kwa bintiye. Juma naye yuko kazini na treni. Nikabaki mimi, Mungu, na tambi nyungo tatu.

Leo asubuhi, watu wametoka kuswali, nikazianika zote tatu uani ziote jua la mwisho. Paketi nikaiweka juu ya kiti, kama mgeni. Ndipo Mzee Mrisho, balozi mwenyewe, akabisha hodi. Anapita kila nyumba kutoa mkono wa Idi. Kanzu imenyooka, kofia imesimama, Mama Hadija nyuma yake.

"Idi mubar..."

Hakumaliza. Macho yalikwishafika kwenye nyungo. Kisha kwenye kiti.

"Mke wa Juma," akasema polepole, "tambi hizi zimetoka wapi?"

"Nimetengeneza mwenyewe, mzee."

"Na paketi pia umetengeneza mwenyewe?"

Mama Hadija akatoka nje, na nyinyi mnamjua, hakuwa amekwenda kupunga upepo. Kufumba na kufumbua ua umejaa. Nyumba zote kumi, na nguo zao za Idi.

Nikaeleza. Mchele, muhogo, mashine, mvuke. Mzee Mrisho akachukua uzi mmoja wa tambi, akautafuna mbichi, amefumba macho.

"Hii ni ngano," akasema.

(Naomba mnisamehe. Nilifurahi! Mtu ananishitaki mbele ya mtaa, na moyo wangu unacheza ngoma. Ngano! Alisema ngano!)

"Mashine iko wapi?"

"Nzega."

"Shahidi?"

"Mmoja Nzega. Mwingine kwenye treni."

Watu wakaguna. Mzee Mrisho si mtu mbaya, hilo niseme. Lakini juzi tu alihutubia kuhusu walanguzi, sauti ikamkauka, na sasa amepewa mlanguzi na nyungo zake. Akafikiri, akainua kidole.

"Zipikwe hapa hapa. Za ngano zitasimama. Za mchele na muhogo zitageuka uji. Nani hapa hajawahi kujaribu?"

Hakuna aliyeinua mkono. Wote wamejaribu. Wote walikula uji.

"Zikisimama," akasema, "nitaandika jina lako, na kesho tutakwenda pamoja ofisi ya kata. Zikiyeyuka, tutaomba radhi."

Mmeona mtego? Mtaa mzima haujui kuzisimamisha. Mimi najua! Zangu zitasimama kama askari, na kadiri zitakavyosimama vizuri ndivyo nitakavyokwenda ofisi ya kata. Na Juma kule kazini ataitwa mume wa mlanguzi. Nikawasha jiko la makaa.

Na hapo, wenzangu, ndipo akaingia Bi Nyamizi.

Khanga mpya, doti nzima. Wanja. Bakuli lake mwenyewe la bati, lile la maua ya bluu, mkononi. Hakuna aliyemwambia kuna kesi. Akaona watu, akaona sufuria, akaona nyungo, uso ukamfunguka kama wa mtoto.

"Kumbe wote mmekuja kunitazama nikila?" akasema. Akavuta kigoda, akakaa mbele kabisa, bakuli mapajani.

Nilitaka ardhi ipasuke.

Maji yakachemka. Nikatia tambi. Mzee Mrisho akainama juu ya sufuria, nami nikainama, tukagongana vichwa. Dakika moja. Mbili. Zinaelea, moja moja, hazishikani, hazikatiki. Sijawahi kupika tambi nzuri kama zile.

"Mh," akasema Mzee Mrisho, akatoa kalamu mfukoni. "Zimesimama."

Nikamtazama Bi Nyamizi. Nikaitazama kalamu. Halafu nikakumbuka kitu kimoja: Mnyamwezi, hata awe na haraka ya namna gani, hawezi kuikataa salamu.

Nikapiga magoti kando ya jiko, mgongo umeziba sufuria, mwiko mkono wa kulia.

"Mzee, nisamehe, katika vurugu hizi sijakuamkia. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, kalamu imesimama hewani.

"Mwangaluka," nikaendelea na salamu ya Kinyamwezi.

Akashusha kalamu. Angefanyaje? "Mwangaluka, mwanangu."

"Mmeamkaje?"

"Mhola. Salama."

"Na nyumbani?"

"Mhola."

"Na wa kule Usinge, na shamba lao? Na yule mjomba mwenye mguu mbovu? Na ng'ombe?"

Anajibu mmoja mmoja, kwa adabu, kama inavyotakiwa. Na mimi nyuma ya mgongo nakoroga. Sikukoroga, nilitwanga! Kila "mhola" mwiko unazunguka mara tano. Nilipomaliza ng'ombe nikaulizia mbuzi. Nilipomaliza mbuzi nikaulizia kuku, na hapo Mama Hadija akaanza kunitazama vibaya. Jasho linatiririka, bega limekufa, uji unanirukia mgongoni. Nilikuwa naziua tambi zangu mwenyewe, moja moja, na nilikuwa nazijua. Nililia kuzikanda, na sasa nalia kuzivunja.

"Kuku nao wazima," akasema Mzee Mrisho. "Haya, sogea."

Nikasogea. Akachota upawa, akauinamisha. Ukamiminika.

"Huu," akatangaza, "ni uji."

Ua ukalipuka. Nyumba kumi zikacheka kwa pamoja, na kuna mtu alikaa chini kabisa kwa kicheko, na kanzu yake nyeupe ya Idi. Mama Hadija alikuwa akijipangusa macho. "Na majigambo yote yale bombani! Jamani, bora angesuka kwa ukindu!"

Nikadhani yameisha. Hayakuisha. Mzee Mrisho akainua mikono watu wanyamaze.

"Ndugu zangu, nimuombe radhi mke wa Juma. Hakuna mlanguzi anayelangua uji. Huyu ametumia mazao yetu wenyewe, na hiyo ndiyo kujitegemea. Upishi wake bado, lakini nia anayo. Tumpigie makofi kwa kujaribu."

Wakapiga! Makofi ya kujaribu! Nimesimama hapo, mwiko mkononi, uji mgongoni, mwanamke pekee hapa Tabora anayejua kutengeneza tambi za mchele zikasimama, napigiwa makofi kama mtoto aliyefika chooni mwenyewe. Na nikalazimika kusema asanteni.

Lakini si hayo yaliyoniumiza. Kilichoniumiza ni Bi Nyamizi. Yeye hakucheka wala hakupiga makofi. Alilitazama bakuli lake kidogo, akalinyoosha mbele. Nikamtilia. Akanywa wote, mbele yao, akapangusa mdomo kwa pindo la khanga mpya.

"Uji mzuri," akasema kwa sauti. "Hiliki imekolea."

(Sikuwa nimetia hiliki.)

Watu wakatawanyika kwenda kula tambi zao za akiba, ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Bi Nyamizi akabaki kwenye kigoda. Alisubiri mlango wa ua ufungwe.

"Zena," akasema, "napika tangu mama yako hajaolewa. Chakula kikiwa kinaungua hakikorogwi vile. Wewe ulikuwa unaua."

Nikakaa chini. Nikamweleza yote, tangu bombani mpaka kalamu.

"Zimebaki?"

Nikaonyesha nyungo. Tukaziingiza ndani, akafunga dirisha mwenyewe, akaweka komeo mlangoni. Nikazikaanga kwa samli, nikatia maziwa, sukari yetu ya mwezi yote, na safari hii hiliki ya kweli. Zikasimama. Nikampakulia.

Tonge la kwanza alilishika mdomoni muda mrefu. La pili akafumba macho. Alipofika nusu bakuli nikaona machozi yanashuka, na wanja nao.

"Ni zenyewe," akasema. "Zena, ni zenyewe kabisa!"

Miaka saba, wenzangu. Nilimkumbatia na samli zake.

Halafu, akaweka bakuli chini, akasimama, akajifunga khanga kiunoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa Mama Hadija. Leo atanijua! Mkwe wangu kupigiwa makofi ya kujaribu?"

Nikamrukia. Nikalishika pindo la khanga kwa mikono miwili, tukavutana mpaka mlangoni.

"Mama, nakuomba, ukisema ni tamu wataniandika jina!"

Akasimama. Akafikiri. Akarudi kwenye bakuli kwa hasira, akala la pili, akamaliza na ukoko. Tangu adhuhuri tumbo lake limetulia kabisa, mdomo ndio unaomsumbua: kila nikigeuka anauliza kama anaweza kumwambia japo mtu mmoja.

Kwa hiyo hapa Cheyo mimi sasa ni mke wa Juma apikaye uji, na nitaishi na jina hilo. Msicheke. Au chekeni mkiwa ndani, na Mwanahawa akishaisoma barua hii aichome, maana nimekiri humu kwamba najua kupika.