Ombi la Kuazimwa Miguu ya Wajumbe wa Bodi kwa Zamu

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Rufaa za Wanajeshi Walioumia Kazini,
Ghorofa ya Nne.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi salama. Mimi ni koplo mstaafu, sasa fundi viatu kwenye baraza iliyo mkabala na posta. Miaka kumi na moja iliyopita nilikanyaga bomu la kutegwa ardhini nikiwa kazini, na mguu wangu wa kushoto ukabaki kule, kuanzia chini ya goti. Rufaa yangu iko kwenu mwaka wa sita huu. Mama watoto amekaa hapa pembeni na amenionya niandike kwa adabu, kwa hiyo popote utakapoiona adabu, ujue ni yake.

Shida yenyewe ni goti. Mguu wa bandia niliopewa mwanzo umepasuka. Nimeuziba kwa mpira wa tairi, gundi na misumari ya viatu, lakini unanichubua. Kigutu kina kidonda kisichofunga, na daktari ameniambia waziwazi kwamba nikiendelea kuuvaa, kidonda kitapanda na goti litaondoka. Karakana ya hospitali iko tayari kunitengenezea mwingine, ila wanataka barua ya Bodi inayosema mimi ni mlemavu. Ni hiyo tu ninayoitafuta. Mwenye goti anainuka mwenyewe, anakwenda msalani mwenyewe, anabana kiatu mapajani akashona. Nalipenda goti langu, Mwenyekiti, na naogopa sana kulipoteza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Barua yenu ya kwanza ilisema ulemavu wangu ni asilimia arobaini. Nikakata rufaa, kwa sababu mpishi wa kikosi, aliyekuwa hatua mbili nyuma yangu siku ile ile na akapoteza mguu ule ule wa kushoto, alipewa sitini. Tulikaa barazani kwangu tukapima vigutu kwa futi kamba. Changu ndicho kifupi, kwa vidole viwili. Labda mguu wa mpishi ulikuwa wa daraja la juu. Sina wivu naye, ni mtu wangu. Lakini jibu la rufaa likaja asilimia kumi na tano, na jibu la rufaa ya rufaa likaja sifuri, na maelezo kwamba "hali ya mwombaji inaendelea kuimarika". Hapo nikaelewa kwamba mguu unaota. Kila asubuhi nafunua shuka naangalia. Mama watoto naye huangalia, maana macho yangu ya karibu si mazuri. Kufikia leo hatujaona hata ukucha. Naomba Bodi inijulishe vidole vitaanza lini, nikate ngozi ya kiatu mapema.

2. Rufaa husikilizwa ghorofa ya nne, na lifti ina kibao cha "Inatengenezwa" ambacho maandishi yake yalikuwa mekundu nilipokiona mara ya kwanza, sasa ni ya waridi. Ngazi ni sitini na nne. Nimezihesabu kwa makalio. Mara ya kwanza nilipanda hivyo, ngazi moja moja, saa nzima, na Bodi ikaandika: "Mwombaji alifika bila msaada." Asilimia zikashuka. Mara ya pili nikabaki chini kwa mlinzi, nikatuma salamu kwamba nipo. Bodi ikaandika: "Mwombaji hakuhudhuria."

3. Mara ya tatu shemeji yangu, mpagazi wa makabati na vitanda, alinibeba mgongoni. Alifika juu anatweta, hawezi hata kutamka jina langu. Daktari wa Bodi, mtu mwenye huruma, akamkalisha yeye, akampima mapigo ya moyo, akamgonga magoti, akamfungulia faili. Mimi nikaambiwa nisubiri kwenye benchi la wasindikizaji. Baada ya miezi minane barua ikaja: shemeji ana ulemavu wa asilimia thelathini. Hajawahi kushika bunduki. Tangu siku hiyo anachechemea kidogo, anasema si vizuri kuiangusha Bodi.

4. Mnataka cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba mguu bado haupo, nacho kisizidi miezi mitatu. Nakileta. Faili linafika mezani baada ya miezi kumi na minne. Mnaandika kwamba cheti kimepitwa na wakati. Nakwenda kwa daktari, anatazama tena pale ambapo hapana kitu, anapiga muhuri. Sasa huupiga bila kuinua macho.

5. Na karani wa mapokezi sina ugomvi naye. Huniambia, "Njoo baada ya wiki mbili, baba," kwa sauti ya upole kabisa. Nimeshakuja mara ishirini na sita. Siku hizi ananiletea viatu vyake nivitie soli.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika tu, nimekuja na suluhisho. Bodi imeamua, kwa muhuri, kwamba kukosa mguu wa kushoto chini ya goti ni ulemavu wa asilimia sifuri. Mimi ni nani hata nibishane na muhuri. Basi mtu akiuazimisha mguu huo, hapungukiwi kitu. Wajumbe mko saba na wiki ina siku saba. Kazi yenu yote ni ya kukaa, tena nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa kinachogusa sakafu, wala hakuna atakayejua nani anao na nani ameuazimisha.

Naomba basi niazimwe mguu mmoja wa kushoto kwa siku, kwa zamu. Mjumbe mama anayevaa visigino virefu nimempa Jumatano, nitapunguza kisigino bila malipo. Wako nimeuweka Jumapili, siku isiyo na kazi nyingi, usije ukachoka. Kila jioni nitaurudisha umeoshwa na kiatu kimepigwa rangi. Msiwe na wasiwasi juu ya ngazi. Nina imani kwamba lifti itapona siku ile ile mjumbe wa kwanza atakapoihitaji. Na mkiona ombi hili ni zito, naomba mniandikie uzito wake ni asilimia ngapi.

Nisalimie wajumbe wote, daktari wa Bodi, mlinzi wa mlangoni, na karani, mwambie viatu vyake viko tayari. Mama watoto anakusalimu. Shemeji anakusalimu na anauliza kama anatakiwa kuleta cheti.

Ni mimi ninayesubiri nimekaa,
Koplo mstaafu, fundi viatu wa mkabala na posta.

Nyongeza: Barua hii imechelewa kutumwa kwa sababu nililazwa ghafla, na mama watoto akawa na bahasha mkobani wiki tatu. Katikati ya hapo jibu lenu limefika. Rufaa imekubaliwa yote, asilimia sitini sawa na mpishi, na karakana imeuleta mguu mpaka wodini. Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu nayafuta, na miguu yenu bakini nayo. Mguu wenyewe ni mzuri, fundi kwa fundi nawapongeza, umepimwa barabara kwa mtu aliyekatwa chini ya goti. Goti lilikatwa Jumanne, barua yenu imefika Alhamisi. Mama watoto ameuegemeza ukutani kando ya kitanda, na tangu asubuhi hajasema neno juu ya adabu. Naomba mnitumie fomu ya kuanza upya.