Kelele Ndani ya Kompyuta ya Mjomba

Jumatatu, 18 Mei 1998

Kuanzia Kidatu mpaka Mlimba hakuna kichwa kinachoelewa kompyuta kama changu. Nasema kweli. Kompyuta ikiniona inawaka kwa adabu. Na hapo niliishia kidato cha pili! Ningemaliza cha nne wangelazimika kunifungia mahali, kwa usalama wa nchi.

Mjomba Fridolin amekwenda Dar kufuata wino wa printa. Ameniachia ufunguo wa ofisi yake ya kuchapa barua, pamoja na maagizo. Nifagie. Nifute vumbi. Kompyuta niifunike kitambaa, nisiiguse. Nimefagia.

Sasa mpango. Kwaya ya kigango chetu hapa Lipangalala inataka kurekodi wimbo wa mavuno. Kanda iondoke na basi la Jumamosi kwenda Morogoro, ambako wanachagua kwaya za kuimba kwenye tamasha la mwezi wa nane. Mwaka jana walipeleka kanda aliyorekodi Anselim, fundi redio wa sokoni, kwa ile redio yake ya kaseti mbili. Ikarudi. Jibu lilikuwa kwamba jogoo amesikika vizuri sana, kwaya kidogo. Mwalimu Kristina, anayefundisha kwaya tangu mimi sijazaliwa, alilia mbele za watu. Ametangaza kwamba wakikosa na safari hii anaacha.

Nimemfuata. Nimempa shikamoo ya kuinama kabisa, nikamweleza kwamba studio ipo, tena ya kompyuta, haina jogoo. Oliva, anayeongoza nyimbo, akauliza kwa sauti kama mimi ndiye yule Omega aliyetengeneza pasi ya kwao mpaka ikaunguza meza. Nikamjibu kwamba pasi ilikuwa nzima, meza ndiyo ilikuwa dhaifu. Wamecheka lakini wamekubali.

Nimeweka sharti moja. Kanda ikitoka safi, mimi ndiye fundi mitambo wa kwaya. Na fundi mitambo hukaa mbele kwenye lori la kwenda kwenye tamasha, jirani na anayeongoza nyimbo. Ndio utaratibu. Nimeutunga leo.

Jumanne, 19 Mei

Kurekodi kumeanza! Maiki nimeitoa kwenye nailoni, ile iliyokuja na kompyuta. Mjomba hajawahi kuigusa, woga tu. Nimeichomeka nyuma, kwaya ikajibana kati ya meza na kabati, wakaimba. Kisha nikaunga waya kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye redio ya Mjomba, wimbo ukaingia kwenye kanda. Kanda nimechukua kwenye boksi lake la muziki wa dansi. Anazo nyingi. Hawezi kuzikumbuka zote.

Tumesikiliza. Shshshsh! Ngrrrr! Kama mtu anakaanga perege nyuma ya Oliva.

Mwalimu Kristina aliuliza kwa upole kama mvua ilikuwa imeanza. Anselim, ambaye hakuna aliyemwalika, alisimama mlangoni na kusema kwaya mwaka huu imeimbia jikoni, afadhali hata jogoo.

Sikutetereka. Nimewaeleza kwamba tatizo ni umeme wa Kidatu. Mvua za Elinino zimeujaza mto tope, tope linapita kwenye mitambo, linakuja na umeme mpaka Ifakara, ndilo hilo linalokwaruza. Watu wametikisa vichwa kukubali. Hata mimi nilianza kuamini.

Kanda chafu nimempa Bibi yangu, Febronia. Mpunga wake umeiva na kwelea wameanza kushuka kwa makundi, kwa hiyo anaamia, anawafukuza kutwa. Anatoa utepe wa kanda, anaufunga mti hadi mti juu ya mpunga. Upepo ukipita unavuma vuuuu, ndege hawatui. Nimemwambia kila kanda atakayoikuta kwenye rambo la bluu, ule mfuko wa plastiki ulioning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, ni yake. Asiniulize. Achukue.

Ningeweza kurekodi tena juu ya ile ile, lakini mtaalamu hafanyi hivyo. Kelele ikishaingia kwenye utepe haitoki, inajificha chini. Hayo shuleni hawafundishi. Wangefundisha ningebaki.

Jumatano, 20 Mei

Msako! Nimezima feni. Kelele ipo. Nimezima taa ya tyubu. Ipo. Nimemwendea mwenye mashine ya kukoboa iliyo jirani, nikamtaka asimamishe kazi kwa ajili ya sanaa. Aliniuliza sanaa hiyo inakula nini. Nimesubiri mpaka alipokwenda kula mchana. Mashine kimya, mtaa kimya. Shshshsh!

Nimefunika maiki kwa kitenge cha Mwalimu Kristina. Kwaya ikasikika kama imezikwa, kelele ikabaki juu ya ardhi. Nimeweka maiki ndani ya ndoo. Oliva aliuliza kama sasa aimbe au achote.

Mwisho nimeazima maiki kubwa ya kigango, ile ya matangazo ya Jumapili. Ngrrrr ile ile. Kanda nyingine imeingia kwenye rambo.

Anselim amepita akila muwa. Amesema Bibi yangu mwaka huu atavuna vizuri kuliko wote, maana mjukuu anamfanyia kazi kwa bidii.

Wanakwaya wameanza kuguna. Mwalimu Kristina hakuguna. Aliketi tu na kitenge chake mapajani, akakunja, akakunjua. Afadhali angeguna.

Siachi. Nasema siachi!

Alhamisi, 21 Mei

Nimempata mwizi!

Asubuhi nimechomoa maiki kabisa. Nimeilaza mezani mbali, nikarekodi hewa. Kelele ile ile! Kwa hiyo maiki haina hatia, feni haina hatia, hata Kidatu nimewasamehe. Kisha nikasogeza mausi. Ngrrrr ikapanda. Nikaiacha, ikashuka. Nikafungua faili la barua za Mjomba. Trrr, trrr! Kompyuta inasikiliza tumbo lake yenyewe!

Anselim alikuwa dirishani, kazi hana. Akasema redio ikinguruma yeye huangalia kilichokaa karibu na transfoma. Hilo nilishaliwaza zamani, kabla hajazaliwa. Amenizidi miaka mitatu.

Nimechukua bisibisi, nimeifungua. Oliva alijishika kichwa, akasema Mjomba wako akija mimi sikuwepo. Ndani nimekuta kadi ya sauti, pale waya wa maiki unapoingilia, imebanana na lile boksi linalopokea umeme. Kama mtoto mchanga aliyelazwa ubavuni mwa mashine ya kukoboa! Atalala? Nimeichomoa, nimeihamishia nafasi ya mwisho kabisa, mbali na kila kitu. Nimefunga. Skrubu moja imebaki mkononi. Kompyuta imewaka vilevile, kwa hiyo skrubu hiyo haikuwa na kazi.

Ngrrrr imekufa! Imebaki shshsh nyembamba. Hiyo nayo nimeielewa. Sauti ya maiki inafika ikiwa dhaifu, kadi inajikamua kuipandisha, na inapojikamua inahema. Dawa yake sauti ipandishwe huku nje, iingie ikiwa imeshiba, kupitia tundu la pili, ambako kadi haijikamui.

Ili ipande nahitaji amplifaya. Amplifaya ya maana Lipangalala nzima ni moja. Ya Anselim.

Nimeenda. Nimemwita kaka. Imenikaa kooni mpaka sasa.

Amekubali, ila naye ameweka sharti. Kesho atakuwepo, kulinda mali yake.

Ijumaa, 22 Mei

KIMYA. Kimya kama kisima! Nimerekodi hewa, nikasikiliza hewa, nikasikia hewa.

Kwaya wakapanga mistari. Anselim alikaa dirishani na redio yake ya kaseti mbili mapajani, eti anasubiri taarifa ya habari. Mimi nikahutubia kidogo, kwa sababu siku kubwa haianzi hivihivi. Nikajitambulisha: Injinia Omega, mtaalamu wa sauti wa bonde zima la Kilombero. Nikaamuru kimya. Bibi mmoja akakohoa, nikaamuru tena.

Wakaimba. Oliva alipofika kwenye ule mstari wa mwisho, anaposhuka peke yake na wengine wanamngojea chini, hata mwenye mashine ya kukoboa alitoka nje na mikono yake yenye pumba.

Tumesikiliza kanda. Hakuna perege, hakuna mvua, hakuna jogoo. Mwalimu Kristina alifumba macho mpaka mwisho, kisha akanishika kichwa kama ananibariki, akasema, mwanangu, kumbe unajua. Oliva hakusema neno la kuniudhi. Alitafuta, likakosekana!

Mwalimu Kristina ataipitia kanda nyumbani kwetu kesho alfajiri, akiwahi basi.

Mjomba anarudi kesho. Kwa hiyo nimefuta kila kitu kwenye kompyuta, nimeifunika kitambaa, hana la kuniuliza. Wimbo sasa uko sehemu moja tu duniani, ndani ya kanda hii.

Na lazima niifiche. Macho ya Anselim sikuyapenda. Alivyoitazama! Mtu huyo anaweza kuiba akanyima kwaya nzima ushindi, ili tu mimi nisikae mbele ya lori. Lakini mwizi atatafuta wapi? Chini ya godoro. Kabatini. Hatatafuta kati ya takataka. Nimeitumbukiza kwenye rambo la bluu, pamoja na zile chafu za majaribio ya leo asubuhi, kabla amplifaya haijakaa sawa. Zote zinafanana. Akili!

Juu yake sijaandika kitu. Kazi yangu haiandikwi jina, inajulikana kwa kuisikia.

Jumamosi, 23 Mei

Mwalimu Kristina amebisha hodi bado kuna ukungu. Gauni la safari, viatu vya kanisani. Nimekwenda nyuma ya mlango wa jikoni. Msumari upo. Rambo hakuna.

Nimepiga kelele kwamba Anselim ameiba! Mama akaniambia niache kuamsha majirani, Bibi ameondoka na rambo lake kwenda shamba, ndege wamekuwa wengi.

Baiskeli. Tope mpaka kwenye cheni. Nimefika, jua ndio linachomoza. Bibi juu ya dungu lake la kulindia ndege, anakunywa uji. Na juu ya mpunga wote, mti hadi mti, utepe unameta! Unavuma! Vuuuu!

Nimemuuliza ipi ni ipi. Alishangaa sana. Akasema, mjukuu wangu, si uliniambia nisikuulize? Sasa wewe unaniuliza. Akaongeza kwamba leo ndege hawajatua hata mmoja, niendelee hivyo hivyo, nina mkono mzuri.

Nimejaribu kuukusanya kwa kalamu, nikauzungusha. Umekatika. Umejiviringisha kwenye masuke. Nimesimama katikati ya mpunga nimevaa wimbo wa mavuno shingoni kama mhukumiwa wa kunyongwa. Kwa mbali nikasikia honi ya basi.

Jumatano, 10 Juni

Habari za mjini, kwa ufupi, maana hazinipendezi.

Ile Ijumaa Anselim hakuwa anasubiri taarifa ya habari. Alibonyeza vitufe vyake viwili, akarekodi kwaya kutokea dirishani. Jumamosi, mimi nikiwa kwenye tope, alimkimbilia Mwalimu Kristina stendi na kanda yake. Imeandikwa juu kwa herufi kubwa: KWAYA LIPANGALALA, MAVUNO. Kanda yenyewe ina Injinia Omega akihutubia, ina Injinia Omega akifokea bibi anayekohoa, ndipo wanaimba. Morogoro wameisikia yote.

Jibu limekuja leo. Kwaya imechaguliwa! Mwalimu Kristina amecheza mpaka kiatu kimemtoka. Wameandika kwamba waimbaji ni hodari, na kwamba mchekeshaji wa mwanzoni asije.

Fundi mitambo ni Anselim. Anakaa mbele. Mimi nimeruhusiwa kupakia spika, kisha nishuke.

Bibi amevuna, magunia mpaka mlangoni. Anawaambia watu kwaya imemlindia shamba. Mjomba anatafuta kanda zake za dansi nyumba nzima, na Bibi amemshauri akazisikilize shambani. Kompyuta yake anaisifu, anasema siku hizi imetulia. Skrubu ninayo mfukoni.

Nina mpango mpya, mkubwa kuliko ule. Leo mchana Oliva amekubali kuimba peke yake, nimrekodi nimwonyeshe kwamba niliweza. Imetoka safi kama maji ya kisima. Nimeificha Anselim asiione, kwenye rambo lilelile. Bibi ameanza msimu wa mahindi, hatalihitaji, nadhani.

Nakiri hapa tu, ambapo hakuna atakayesoma. Anselim hakuiba. Kadi haikunishinda, kelele niliiua kwa mikono yangu. Kilichoharibika ni kimoja. Kanda safi sikuiandika neno hata moja, na kalamu ilikuwa sikioni.