Jezi ya Biharamulo, Miguu ya Nyamiaga

Leo nimechekwa na wilaya mbili kwa mpigo. Ngara wamecheka. Biharamulo wamekasirika kwanza, kisha nao wakacheka. Ngojeni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana kisa kimeshaanza kuongezewa chumvi (na chumvi yenyewe madukani hakuna).

Mnajua mimi ni mshambuliaji wa timu ya kijiji chetu cha Ngara, Nyamiaga. Nilikuwa. Mwezi uliopita alikuja kwetu Bwana Kamugisha, mkuu wa ghala moja la mazao kule Biharamulo. Ndiye anayeilea timu ya ghala hilo. Alinitazama nikifunga mabao mazoezini, akaniita pembeni.

"Kijana, hapa wanakupa nini?"

"Hatupewi kitu, mzee. Ni timu ya kijiji."

"Sasa unachezea nini?"

Jamani, swali lile! Nililala nalo, nikaamka nalo. Akaniahidi kibarua cha ulinzi ghalani, ambacho si ulinzi hasa, ni mazoezi na kula. Sukari kila mwisho wa mwezi. Sabuni ya mche. Na godoro la sponji! (Kabla hamjaguna: nani kati yenu analo?) Halafu akainama sikioni, "Mwakani nitawaita watu wa timu kubwa ya Mwanza waje wakuone."

Mwanza! Hapo nikawa nimekwisha.

Nikaenda kumwambia kapteni wetu, Melkiori. Huyu tumechunga naye mbuzi, na mpira wetu wa kwanza tuliusokota wote kwa majani makavu ya migomba. Hakupiga kelele. Angepiga ningefurahi.

"Golikipa wetu kaenda vitani na mgambo," alisema. "Hakuuliza atapewa nini. Wewe unaenda Biharamulo tu hapo, umeuliza godoro."

Nikamjibu kwamba vita ni vita na mpira ni mpira. Nikajiona nimesema neno zito. Nikafunga nguo zangu, nikaondoka.

Sasa leo. Bwana Kamugisha kaandaa mechi ya kuwachangia wapiganaji wetu. Kiingilio ni maharage au mahindi, kila mtu anakuja na kibaba chake. Na wageni aliowaalika ni nani? Nyamiaga! Katika vijiji vyote! Alitaka waje waone jinsi mtu wao alivyovalishwa.

Na kweli nilivalishwa. Jezi mpya, nyekundu. Viatu vya njumu (vilinibana, lakini ningekufa kabla ya kusema). Wenzangu wakateremka kwenye lori la ushirika, miguu mitupu, wakapita mbele yangu kimya kimya. Mwisho kabisa akateremka mama yangu na kikapu cha maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa." Akaikagua jezi. "Leo unacheza upande gani?"

"Wa ghala, mama."

"Haya. Usiwaumize wenzako."

Mpira ukaanza, kwenye uwanja ulio chini ya boma la Wajerumani. Kipindi cha kwanza nikafunga bao. Bao zuri, siwadanganyi. Wa Biharamulo wakapiga kelele. Wa Nyamiaga wakatazama chini kama watu wa msibani. Bwana Kamugisha akasimama juu ya kiti.

"Mmemwona? Huyo ni wangu!"

(Wangu! Kama amenitoa mnadani.)

Kipindi cha pili Nyamiaga wakasawazisha. Ikawa vuta nikuvute mpaka refa akaanza kuangalia saa. Wakapata kona. Nikarudi nyuma kusaidia ulinzi, maana mtu anayesubiri kuonwa na Mwanza lazima aonekane kila mahali. Mpira ukapigwa, ukagonga vichwa, ukaniangukia mguuni. Mbele yangu peupe. Kazi yangu ilikuwa kuubutua tu.

Nyuma yangu mtu akaita, "Bugingo!"

Sasa sikilizeni. Bugingo ni jina langu la nyumbani. Biharamulo nzima hakuna anayelijua, kule mimi ni Sospeter. Lakini jina hilo nimeitwa uwanjani tangu utoto, kwa sauti hiyo hiyo, na nikiitwa hivyo huwa sitazami. Natoa tu. Nikatoa. Kwa kisigino, taratibu, ukamkuta Melkiori mguu wa kushoto kama anavyopenda. Akafunga.

Natamani ningeishia hapo.

Nikanyanyua mikono juu. Nikashangilia! Nikamkimbilia Melkiori, nikamrukia mgongoni, nikamkumbatia nikipiga mayowe. Nilikuwa bado nimemng'ang'ania nilipoona mkono wangu: mwekundu. Nikatazama wenzangu: hakuna mwekundu hata mmoja. Kisha mtu mmoja akacheka. Kisha wote.

Bwana Kamugisha akaingia uwanjani kwa miguu yake.

"Vua!"

"Nivue nini, mzee?"

"Jezi ni ya ghala. Viatu ni vya ghala. Vua, kibaraka wewe!"

Siku hizi za vita neno hilo si la mchezo. Mgambo wawili waliokuwa wakilinda magunia ya maharage wakageuka kunitazama vizuri. Nikavua upesi. Viatu vikakataa kutoka (si nilisema vilinibana?), nikakaa chini katikati ya uwanja nikivivuta, watu wakinihimiza kwa makofi.

Mama akanifuata, akanifunika kwa khanga yake.

Nikamkuta Melkiori kwenye lori.

"Uliniita makusudi?" nikamuuliza. "Ulitaka kuniumbua?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hapana. Nilisahau kama umehama."

Afadhali angenipiga kofi. Nikajipa moyo, nikamuuliza kama Jumapili nije mazoezini.

"Nafasi yako anacheza Petro."

"Petro! Petro hajui hata kusimamisha mpira!"

"Hajui," akasema Melkiori. "Lakini yupo."

Nikapewa nafasi nyuma kabisa ya lori, kwa heshima ya mama. Tulipofika Lusahunga kununua ndizi, habari zilikuwa zimeshatutangulia. Dereva mmoja wa malori akachungulia: "Yuko wapi yule wa kuwafunga wenzake?" Lori zima likaonyesha khanga. Hata kuku aliyepakatwa na bibi mmoja mbele ya lori, naapa, aligeuza shingo.

Basi ndiyo hayo. Huko ghalani sirudi, na hapa sina nafasi. Wa kucheka na acheke, simzuii. Ila msiseme eti pasi ile niliitoa kwa kukosea. Katika maisha yangu yote sijatoa pasi nzuri kama ile.