Breki ya Mkokoteni Chumbani kwa Pranav

Jumatatu, 2 Februari
Bongo nzima hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi, Shukuru. Candida kanipigia simu kutoka Masasi, yeye mwenyewe, kuniambia Jumamosi anakuja. Nikamjibu kwa sauti nzito, kama mtu mwenye shughuli nyingi, kwamba nitaangalia nafasi.

Tangu aache meza yake ya viatu Mchikichini akamuuguze mama yake, Jumapili zangu zimechacha. Jumapili ndiyo tulikuwa tunaenda Upanga, chumba cha gemu cha Pranav, kushindana magari kwenye kioo. Usukani, pedeli, kila kitu. Alikuwa ananifunga kila mara, halafu anacheka mpaka ananiegemea begani. Mtu akifungwa hivyo analalamikia nini?

Safari hii namfunga mimi. Akishangaa, hapohapo namwambia abaki Dar. Nimeshapanga maneno. Baki, Candida. Basi.

Jumanne, 3 Februari
Mazoezi. Tatizo ni breki. Kuna kona moja naiita Jangwani, maana kila nikifika naishia bondeni kwenye mchanga. Pranav anasema nachelewa, halafu nakanyaga mpaka matairi yanaganda na gari linakataa kukata kona. Eti nikanyage mapema, kwa nguvu, gari likiwa limenyooka, kisha niachie taratibu huku naingia. Candida naye wimbo wake ulikuwa huohuo.

Hawa wawili hawajawahi kuvuta mkokoteni. Mimi ninayepitisha majora ya vitenge Kariakoo mchana kweupe nifundishwe breki? Pedeli ndiyo mbovu. Laini kama andazi la jana lililochovywa chai.

Alhamisi, 5 Februari
Dawa imepatikana! Mkokoteni wangu una vipande vya tairi kule nyuma. Nikiinua mipini juu, vinakwaruza lami, tunasimama. Nimekata kimoja, nikakisokomeza nyuma ya pedeli wakati Pranav yuko ghorofani kwa mama yake.

Nikakanyaga. Pedeli haikwenda. Kilichokwenda ni kiti, maana kina magurudumu. Nilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, nikamkuta huyo mama yake, Ranjanben, anaingia na kikombe cha chai. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado nakwenda.

"Marahaba," akasema. "Unatoka au unaingia?"

Pranav alinuna. Lakini tulipokifunga kiti kwenye nondo za dirisha kwa kamba yangu ya mizigo, akaijaribu pedeli mwenyewe. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Akaniambia tairi libaki hapohapo. Fundi Shukuru! Candida aje aisikie kwa mguu wake.

Ijumaa, 6 Februari
Mkokoteni wenye nusu ya breki si mkokoteni. Mtaa wa Kongo, mzigo umejaa, nimeinua mipini, chombo kikaenda tu. Nikapiga kelele watu wapishe. Watu wakapisha. Mabeseni ya Stella, muuza vyombo wa hapo Kongo, hayakupisha. Nimeyaokota yote, nimeyapangusa, mengine nimeyapanga vizuri kuliko yalivyokuwa. Stella akaniuliza kama macho yangu nimeyapeleka Masasi.

Nikashika mipini, nikaondoka. Nani kamwambia?

Jumamosi, 7 Februari
Alikuja. Amekonda kidogo, amesuka, ana kanga ya mama yake mabegani. Mama hajambo ila hawezi kuachwa peke yake. Akasema kimya kingi kule Masasi, jioni anakumbuka hata honi za Kariakoo. Nikataka kumuuliza kama kuna kingine anachokumbuka. Nikamuuliza kama kuna mvua.

Tukakaa, yeye usukani wake, mimi wangu, na pedeli yangu ya tairi. Nikaongoza! Kweli kabisa, nyuma yangu namwona kwenye kioo kidogo cha gari. Ikaja Jangwani, kona ya mwisho. Mguu ulijua kazi yake. Mikono nayo, hii mikono ya mkokoteni, ilipoona tunatakiwa kusimama, ikainua. Usukani uling'oka mezani pamoja na vibanio vyake. Nikabaki nimeushika juu kichwani, gari limeishia mchangani.

Candida alicheka mpaka machozi. Safari hii aliegemea kabati. Kisha akajaribu pedeli yangu, akaisifia kuwa ni ngumu vizuri.

"Lakini bado huachii, Shukuru," akasema. "Unakanyaga tu."

Hapo ndipo pa kusema neno langu. Akaniwahi. Amekuja kuchukua viatu vyake vilivyobaki, anafungua meza hukohuko Masasi. Je, ningemsaidia mzigo?

Nikamsaidia. Nilivuta polepole kuliko siku zote, mpaka mwenye lori la Masasi akanipigia honi. Candida akapanda mbele. Nikamwambia safari njema, tena kwa sauti nzito.

Jumapili, 8 Februari
Nimeshajua kosa. Ni meza. Usukani ungefungwa kwa nati nene, ningemfunga, na angebaki. Kesho naenda mtaa wa Gerezani, kwa wauza vyuma, kutafuta nati. Na pedeli naiongezea tairi, kipande kizima kilichobaki, mkokoteni utajijua. Pranav kaniimbia tena habari ya kuachia taratibu. Nikamwambia anyamaze, nakanyaga.

Kile kiti cha pili nimemkatalia kila aliyetaka kukaa.

Candida hakunipigia simu. Alimpigia Pranav, kumwambia kafika salama.