Asali Inayosikika

Jumanne, 8 Julai 2025. Misigiri.

Fomu imefika. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Mnunuzi wa Singida mjini anataka tuijaze, kisha mkaguzi wake aje aonje ndoo moja ya asali yetu. Akiridhika, atachukua ndoo zote thelathini za kikundi. Winfrida, katibu wetu, aliomba aijaze yeye. Nikamkumbusha mbele ya wote kwamba mimi ni mwenyekiti, na nimefundisha miaka thelathini na minane. Sikusema nilifundisha somo gani. Kiswahili.

Jumatano, 9 Julai.

Nimejifungia chumbani na kamusi. Fomu inauliza yanayoweza kutambulika katika asali, na Kiingereza kina neno kwa kila mlango wa fahamu! "Visible", kinachoonekana. Nikachungulia ndoo. Nta, bawa la nyuki, mguu wa nyuki. Vinaonekana sana. Nikaandika hapana, nitaichuja. "Noticeable", kinachotambulika, tena kwa harufu. Nikanusa, sikusikia kitu. Mke wangu Selina naye hakusikia kitu. Nikaandika hapana. La mwisho ni "audible", kinachosikika. Asali ya kusikika! Mtego wa kupimia wajinga. Nikaandika hapana, nikapiga mistari miwili chini yake.

Alhamisi, 10 Julai.

Baridi. Asali nzito, haipiti kwenye chujio. Nikaongeza maji ya uvuguvugu. Kidogo tu, jagi mbili. Kitambaa nilikipata jikoni, kile cha Selina cha kuchujia togwa. Ikapita kama chai! Hakuna bawa, hakuna mguu. Nimefunika ndoo na kuiweka karibu na jiko isigande. Selina aliuliza kitambaa chake kiko wapi. Nikamshauri atunze vitu vyake.

Jumamosi, 12 Julai.

Antipasi, mrina asali wetu, alipita akataka kuonja. Nikasema fomu inakataza. Akauliza inakataza wapi. Nikamsomea neno moja la Kiingereza kwa sauti ya juu. Akaondoka kuelekea kwa Winfrida. Kwa nini kwa Winfrida?

Jumapili, 13 Julai.

Nimetoka kanisani, nimeingia jikoni. Ssss. Nyuma ya jiko! Nikatoka nje nikiwa na kiatu kimoja. Swila, bila shaka. Nikamwita Antipasi aje na fimbo, mimi nikashika mlango. Akasikiliza. Akaitazama ndoo. Akasema hakuna nyoka hapa, Mwalimu, akaenda zake akicheka mpaka barabarani.

Nimekwenda mwenyewe. Mfuniko umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nimeufunga kwa mpira wa baiskeli, mizunguko sita. Kimya.

Jumatatu, 14 Julai.

Mkaguzi ni binti, anaitwa Jesca. Alinipa shikamoo yangu vizuri. Kikundi chote kilikuwepo. Alisoma fomu, akasimama kwenye mistari yangu miwili, akatabasamu. Kisha akainama, akaweka sikio kwenye ndoo.

"Mwalimu," akasema, "hii inasikika."

Akakata mpira. Mfuniko ukagonga bati. Povu kwenye tai yangu, povu kwenye fomu! Akaeleza kwa upole kwamba asali iliyotiwa maji huchacha, na ikichacha hutoa sauti, ndiyo maana wanauliza. Selina akakitambua kitambaa chake kwenye kamba. Antipasi akauliza kama siku hizi wazee wa kanisa wanapika pombe nyumbani.

Jesca akafungua ndoo ya Antipasi, isiyoguswa. Akarudisha kichwa nyuma. Akauliza kama hatusikii moshi. Tukanusa kwa zamu, watu kumi na wanne. Hakuna aliyesikia. Akatutazama, akatazama jiko la kuni, bati jeusi, nguo zetu. Akasema warina wanapuliza moshi mwingi kwenye mizinga, nasi tumeuzoea kiasi kwamba hatuunusi tena. Tuandike ukweli tu, wapo wateja wanaoupenda. Atarudi Jumatatu ijayo. Fomu mpya ataijaza Winfrida. Siku hiyo hiyo wanakikundi watapiga kura ya mwenyekiti. Antipasi ndiye aliyependekeza, akiwa bado na povu kwenye ndevu.

Jumanne, 15 Julai.

Winfrida ameleta fomu niweke sahihi. Moshi upo, nta ipo, kila kitu ameandika. Na ndoo ni ileile ya Antipasi. Mkaguzi akiikubali, kiti changu kimekwenda. Sikulia. Niliangalia dirishani.

Basi nimefikiri. Ndoo yangu bado ina nusu. Nimeongeza jagi moja ya maji ili povu litulie, na nimeichuja upya kwa kitambaa kilekile, Selina akiwa shambani. Itatangulia mezani kabla ya ile ya Antipasi. Kuhusu kusikika, nimekwishazungumza na mwalimu wa kwaya. Jumatatu watafanya mazoezi jikoni kwangu, sauti zote nne, pamoja na ngoma, mpaka mkaguzi atakapoondoka.