Tafadhali Uangushe Muswada wa Matibabu

Mpwa wangu, ambaye sasa ni Mheshimiwa Mbunge,

Nakusalimu kwa vyeo vyako vyote viwili, cha damu na cha kura. Cha damu nimekitanguliza kwa sababu hakina uchaguzi wa marudio.

Nimesoma gazeti, kisha nikalisoma tena kwa kutoamini. Wanasema Muswada wa Matibabu kwa Wote, uliokaa bungeni tangu hujaota ndevu, sasa utapigiwa kura. Wanasema wanaoutaka na wasioutaka wamelingana, na kwamba kuna mbunge mmoja tu ambaye hajasema anasimama wapi. Wameweka na picha yako. Umenenepa.

Mimi mjomba wako ndiye niliyekufundisha uraia darasani. Nilikueleza kwamba muswada ni kama mtoto: huzaliwa, husomwa mara ya kwanza, husomwa mara ya pili, hupelekwa kwenye kamati, na huko kwenye kamati wengi huaga dunia kwa amani. Leo nakuandikia kulalamika rasmi kwamba huu umekataa kufa, na kukuomba uumalize. Usifikiri nimechanganyikiwa. Mama yako naye anaona nimechanganyikiwa, lakini siku hizi yeye haoni vizuri.

Habari ya macho yake unaijua. Ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto. La kulia limekwisha kufunga, la kushoto limebaki ufa wa kuingizia mwanga. Muuguzi ametuonya kwamba ugonjwa huo ukiachwa ukomae kupita kiasi huleta balaa jingine, na jicho likienda hivyo halirudi. Dawa yake ni upasuaji mdogo, mfupi kuliko kunyolewa na kinyozi mwenye maneno. Wewe uliahidi kumpeleka nje ya nchi bunge litakapoahirishwa. Bunge limeahirishwa mara nyingi, na kila mara ahadi yako imeahirishwa nalo. Kwa hiyo mimi na dada yangu tuko kwenye foleni ya hospitali kuu, na malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Muswada utaua foleni yetu, na foleni yetu ndiyo taasisi pekee ya taifa inayofanya kazi. Hujawahi kuipanga, kwa hiyo nitakueleza. Wagonjwa hawasimami. Kila mmoja huvua kiatu kimoja na kukiweka kwenye baraza mbele ya dirisha la karani, kisha huenda kukaa ukutani penye kivuli. Karani akimwita mmoja, walio karibu husogeza viatu vyote mbele. Jioni mlinzi huviingiza kibandani kwake kwa mpangilio uleule, na asubuhi huvitoa bila kukosea. Hakuna anayeruka. Waziri mmoja mstaafu alijaribu kuweka chake mbele, kiatu cha ngozi kinachong'aa. Alipotoka chooni alikikuta mwisho kabisa, na watu wote wakitazama mawingu. Niambie, Mheshimiwa, ni wapi kwingine katika nchi hii ambako kandambili ina haki sawa na kiatu cha waziri? Na hiyo ndiyo mnataka kuifuta kwa sheria?

2. Muswada unasema kila mgonjwa atahudumiwa. Sisi tumekwisha kwenda mbele zaidi: tunawahudumia hata waliokwisha kuondoka. Fundi saa wa mtaani kwetu aliweka ndara yake akaenda nyumbani kupumzika, na huko akapumzika moja kwa moja. Tulimzika. Lakini hakuna aliyethubutu kuitoa ndara yake, maana kumtoa mtu kwenye foleni ni dhambi, basi tukaendelea kuisogeza kwa heshima. Siku ilipofika dirishani, karani aliifungulia faili na kuuliza inaumwa wapi. Mjane wake alikuwepo. Alisema, "Mwambieni sasa hajambo." Watu walicheka hadi wakakohoa, na wanaokohoa wakapoteza sauti. Serikali gani itaweza kutupa furaha ya namna hiyo?

3. Hili ni la kisiasa, kwa hiyo soma polepole. Hakuna chama kinachopinga muswada huu. Chama chenu kinauunga mkono kimsingi. Wapinzani wanauunga mkono kimsingi, ila wanataka uwe mkubwa zaidi ili usipite mlangoni. Matajiri wanauunga mkono mradi usiwaguse, na askari wanauunga mkono mradi waguswe wa kwanza. Muswada unaopendwa na wote ni kama mgonjwa mwenye ndugu wengi: kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyempelekea uji. Ndiyo maana umeishi hadi leo, na ndiyo maana nilikuwa na imani nao. Ukiupitisha, uchaguzi ujao mtaahidi nini? Wewe mwenyewe ulishinda kwa kuuahidi. Baba mkwe wako alishindwa kwa kuuahidi vibaya. Mkulima hali mbegu, mpwa wangu.

4. Waheshimiwa wenzako watakosa safari. Mtu akiweza kutibiwa goti hapa, atatoa sababu gani ya kwenda kulitibu ng'ambo na mkewe, na mzigo wa kurudi nao?

5. Kazi yako itapungua. Nimekutazama kwa fahari tangu uchaguliwe, na kazi unayoifanya vizuri kuliko zote ni kuzika. Unafika mapema, unavaa miwani nyeusi, unamwita marehemu rafiki yako. Watu wakianza kupona ovyo ovyo, utaonekana wapi? Itakubidi uzungumzie barabara, na barabara yetu unaijua ilivyo.

6. Mama yako ataaibika. Hili sikutaka kuliandika, lakini mzee anayeficha jambo huwa ameficha uzee wake tu. Kwenye ukuta ule wa kivuli kuna mama mmoja tunamwita Bibi Redio, kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Siku moja alimuuliza dada yangu, "Shoga, wewe una mtoto wa kiume, sivyo? Anafanya kazi gani?"

Mama yako akasema ni dereva.

"Anaendesha nini?"

"Sijui," mama yako akajibu. "Sioni vizuri."

Ukuta mzima ulicheka, naye akacheka nao. Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kwa nini amekunyima cheo chako. Alisema akitaja bunge watamuuliza yeye anafanya nini hapo foleni, naye hana jibu ambalo halitakuumiza. Basi umekuwa dereva, na kila siku anakupandishia hadhi kidogo kidogo. Juzi ulikuwa na gari lako mwenyewe. Jana Bibi Redio alikuulizia kama umeoa. Muswada ukipita, karani ataanza kuandika majina kamili na ya watoto, na uongo huu mzuri, ulioshonwa kwa mapenzi, utafumuka mbele za watu.

7. Mwisho ni mimi. Nimestaafu. Nilifikiri nimekwisha kufundisha, kumbe darasa lilikuwa linanisubiri ukutani. Nawaeleza wagonjwa katiba, nawaeleza jinsi kura za bungeni zinavyohesabiwa, nawaeleza spika ana kazi gani na kwa nini huvaa vile. Hawawezi kuondoka, maana viatu vyao viko barazani. Sijawahi kupata wanafunzi watulivu kiasi hiki. Ukiwatibu, nitamfundisha nani?

Kwa sababu hizo zote nakuomba, siku ya kura, ufanye kama nilivyokufundisha kwamba mbunge mwenye busara hufanya: toka nje kupokea simu. Muswada utaanguka kwa ajali, na hakuna atakayelaumiwa. Wagonjwa wamezoea.

Nisalimie mkeo, na wajukuu zangu, na yule dereva wako wa kweli, ambaye hajui kwamba anakushikia cheo. Wasalimie wabunge wa pande zote, waliosinzia na walio macho. Nami hapa najaliwa afya, ila mgongo, ila magoti, ila hayo hayana foleni yake bado.

Ni mimi mjomba wako, mwalimu wako wa zamani, na mpiga kura wako mwenye mashaka.

N.B. Nimemsomea mama yako barua hii hapa ukutani, kwa sauti ya chini, lakini Bibi Redio alikuwa karibu, kwa hiyo sasa ukuta mzima unajua wewe ni nani. Hakuna aliyecheka. Mjane wa fundi saa ndiye aliyesema la kwanza: "Basi aambiwe aje aone kiatu chake."

Maana kuna jambo nililiacha. Mama yako hakuweka kandambili. Aliweka kiatu chako cha shule, cha kushoto, kile cheusi alichokununulia ulipoingia darasa langu na kukitunza miaka yote hii chini ya kitanda. Anasema hakuna kingine anachoweza kukitambua kwa kupapasa, kwa ule mkunjo wa kidole gumba ulioutia mwenyewe. Kila asubuhi hunyoosha mkono barazani akakitafuta katikati ya viatu vya watu wazima, akikipata ndipo anakaa.

Kwa hiyo wewe tayari uko kwenye foleni, Mheshimiwa, na watu usiowajua wanakusogeza kwa miguu yao. Nimejaribu kumweleza mama yako sababu zangu saba tena, moja moja. Alinisikiliza hadi mwisho kama alivyozoea, kisha akasema niandike hivi tu: "Mwambie asitoke nje kupokea simu."

Hayo ya juu yote yapuuze. Nyanyua mkono.